ANTONY NA CLEOPATRA: NANI ALIMPONZA NANI?

Wengi wetu tunamjua Antony kutokana na Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Humo anasimama mbele ya maiti ya rafiki yake na kwa maneno matupu anaugeuza umati mzima wa Roma. Mjanja wa siasa hasa! Shakespeare alimrudia bwana huyu katika Antony and Cleopatra, iliyochapishwa mwaka wa 1623, na humo, ati, amekuwa bwege wa mapenzi. Tulipoijadili chamani, karibu wavulana wote walisema mwanamke ndiye aliyemponza. Mimi nakataa.

Hebu tuanze na ndoa. Dola ya Roma iko mikononi mwa watu watatu: Antony, Octavius Caesar na Lepidus. Antony yuko Misri kwa malkia Cleopatra, anastarehe. Mkewe Fulvia anapofariki, anarudi Roma kupatana na Octavius, na papo hapo Agrippa anatoa shauri kwamba Antony amwoe Octavia, dadake Octavius. Antony anakubali. Bibi arusi mwenyewe wala hayupo mkutanoni! Wanaume wamemaliza mambo kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe. Baadaye Antony anamkimbilia tena Cleopatra, na Octavius anapata sababu nzuri ya vita. Je, Octavius hakumpenda dadake? Nadhani alimpenda, na bado alimtumia.

Onyesho ninalolipenda zaidi ni la karamu melini. Pompey, adui wao, amewaalika watawala wote watatu. Pombe imewakolea. Menas anamvuta Pompey kando, anamnong'oneza: nikate kamba ya meli, kisha tuwachinje hawa, dunia iwe yako. Pompey anajibu kwamba Menas angelifanya kimyakimya angemshukuru, lakini maadam amemwambia kwanza, heshima yake haimruhusu kukubali. Yaani anataka nyama ila hataki kuonekana na kisu! Menas anaamua hapo hapo kumwacha. Baadaye Octavius na Lepidus wanampiga Pompey vita, halafu Octavius anamgeukia Lepidus huyo huyo na kumfunga. Sasa niambieni, wavulana, Pompey na Lepidus waliponzwa na mwanamke gani?

Tuje Actium, mwaka wa 31 K.K. Jeshi la Antony lina nguvu nchi kavu. Enobarbus anamsihi asipigane baharini, Canidius vilevile, hata askari wa kawaida anamwomba. Antony anashikilia bahari kwa sababu Octavius amemchokoza wakutane huko. Hicho ni kiburi. Ni kweli Cleopatra alimuunga mkono na kujivunia meli zake 60, na ni kweli alipokimbia vitani Antony alimfuata kama kifaranga na mamaye. Kumfuata kulikuwa mapenzi, sipingi. Lakini uamuzi mbaya ulikuwa umekwisha kufanywa, tena na jenerali mzee aliyejua vita kuliko kijana Octavius. Mshika mbili moja humponyoka: alitaka Roma na alitaka Misri, na hakuna hata moja aliyoishika kwa mikono miwili.

Simtetei Cleopatra kwa kila jambo. Hila zake ni nyingi. Antony akiwa na huzuni, malkia huagiza aambiwe kwamba yeye anacheza ngoma. Akiwa na furaha, aambiwe kwamba anaumwa. Mchezo huo unamshinda mwishowe, kwa maana anapotuma habari ya uongo kwamba amekufa, Antony anajichoma upanga.

Baada ya hapo wanabaki wajanja wawili. Octavius anamtumia Cleopatra ahadi tamu, kumbe nia yake ni kumpitisha katika barabara za Roma kama mateka. Dolabella, mtu wa Octavius mwenyewe, anamfunulia siri. Cleopatra anavaa taji lake. Mtu wa shamba analetwa na kikapu cha tini, na ndani mna nyoka. Octavius, aliyewapiku wanaume wote, anafika na kumkuta ameshakufa, na linalobaki ni kuamuru azikwe kando ya Antony.

Anayepinga na aniandikie katika toleo lijalo.