SOMO LA FAMILIA: MANENO YA KUPELEKA KWA DAKTARI

Kusoma: Mwanzo 42:18-24



Watoto wa Yakobo walisukumwa na njaa wakashuka Misri, wakasimama mbele ya mkubwa wa nchi, na mkalimani akawa katikati. Walisemezana wao kwa wao kwa lugha ya kwao wakidhani hakuna anayesikia. Kumbe Yusufu alisikia kila neno, hata akageuka kando akalia. Sisi tuliovuka mpaka kutoka Kongo kuja Uganda tunalijua jambo hili. (Na tuchunge ulimi kwenye foleni: nesi tunayemsema mara nyingi anasikia Kiswahili kuliko tunavyodhani.)

Ni kweli kwamba Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini madaktari na wauguzi wa hapa husomea kazi yao kwa Kiingereza, na kadi, majibu ya maabara na bahasha ya dawa huandikwa kwa Kiingereza. Hatusemi kila mama na kila mzee aende shule. Tunasema kila mtu mzima ajue maneno ya ugonjwa wake mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe.

Sababu yetu kubwa ni watoto. Katika nyumba nyingi anayejua Kiingereza ni mtoto wa darasa la tano au la sita, basi tunamshika mkono twende naye. Kwa kikohozi haina neno. Lakini mama anayetokwa damu, au aliyetendewa ubaya njiani wakati wa vita, ataanzaje kusema mbele ya mwanawe? Hunyamaza. Au husema "tumbo" tu, na mtoto husema "stomach", na mama hurudi nyumbani na dawa ya tumbo. Tena mtoto anaweza kuwa wa kwanza kusikia majibu mabaya ya mzazi wake, akayabeba peke yake. Huo si mzigo wake. Kwanza uliza kama kituo kina mkalimani. Kama hakuna, chukua mtu mzima anayetunza siri, mwanamke kwa mwanamke. Na akina mama wote wajifunze sentensi hii hata kama hawatajua nyingine: "Please, I want to speak to a woman."

Sasa tuingie kwenye maneno. Lugha yetu ina maneno mapana. Mkono kwetu ni kuanzia begani hadi vidoleni, lakini Kiingereza hugawa: "arm" ni mkono wenyewe, "hand" ni kiganja na vidole vyake. Mguu vilevile ni "leg" na "foot". Tumbo ndilo lenye hatari zaidi, maana "stomach" kwa daktari ni mahali chakula kinapoingia. Maumivu ya chini ya kitovu sema "lower abdomen", na uweke mkono hapo. Kidole kinachoonyesha hakikosei sarufi.

Tuliosoma Kifaransa tuna mitego yetu. Neno "pain" kwa Kifaransa ni mkate, kwa Kiingereza ni maumivu, hutamkwa "pein". Mfaransa akisema moyo unamuuma, "mal au cœur", ana kichefuchefu. Ukilitafsiri hivyo kwa Kiingereza, daktari atakuuliza habari za ugonjwa wa moyo. Sema "I feel like vomiting." Tuliyoiita "tension" hapa huitwa "pressure", na "palu" ni "malaria". Hata neno letu munganga lina shida: kwetu ni daktari wa hospitali, lakini Mswahili wa pwani akisikia umetoka kwa mganga huenda akadhani umetumia miti shamba. Hapa sema "doctor", au "musawo" kama wanavyosema Waganda, na wengi watakuelewa.

Jino tulipe nafasi yake, kwa sababu jino lililong'olewa halirudi. Kwa Kiswahili jino linauma, na mbwa naye anauma, hivyo wengine husema "My tooth is biting me." Waganda nao husema namna hiyo kwa lugha yao, kwa hiyo nesi atacheka na kuelewa, lakini sema "My tooth is painful." Kisha eleza linauma lini, maana daktari wa meno hutafuta hilo: "when I drink cold water", nikinywa maji baridi, "when I chew", nikitafuna, "at night, by itself", usiku, lenyewe tu. Usitegemee "left" na "right", maana daktari anakutazama usoni na kushoto kwako ni kulia kwake. Gusa jino lenyewe kwa kidole, na kabla ya sindano ya ganzi uguse tena, useme "This one."

Una haki ya kuuliza kama linaweza kuzibwa: "Can you fill it?" Pengine jibu ni hapana, au itabidi uandikiwe kwenda hospitali kubwa, lakini uliza. Na usingoje kuulizwa mambo haya: "I am pregnant", nina mimba. "I have pressure." "I bleed too much", natokwa damu nyingi. Kama dawa fulani iliwahi kukuvimbisha uso au kukubana pumzi, taja jina lake: "I react to penicillin." Shavu likivimba na homa ikaja, au kinywa kikakataa kufunguka, usingoje zamu ya kesho. Sema "It is swelling, I have fever."

Baada ya kung'oa utasikia "bite", uma pamba. Utasikia pia "don't rinse", usisukutue, na hapo neno dogo la mbele likipotea masikioni utasikia "rinse" tu, ukaenda kusukutua siku hiyohiyo na damu ikaanza upya. Dawa yake ni kurudia ulichosikia: "So, no water in the mouth today?" Daktari mzuri hakasiriki ukirudia.

Mwisho ni bahasha. Ikiandikwa 1x3, tarakimu ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara ngapi kwa siku: kimoja, mara tatu. Wako waliomeza vitatu kwa pamoja. 2x2 ni viwili asubuhi na viwili jioni. Na ukiambiwa urudi "eight o'clock" asubuhi, hiyo kwa Kiswahili cha hapa ni saa mbili, wala si saa nane. Ukifika saa nane utakuta wenzako wameshahudumiwa.

Jumatano, baada ya maombi ya akina mama, tutafanya mazoezi wawili wawili, mmoja daktari, mmoja mgonjwa. Akina baba pia mnakaribishwa. Leteni bahasha za dawa mlizo nazo nyumbani, hata zilizokwisha, tuzisome pamoja.