Fasihi ya Marekani isomwe kuanzia wapi?

Mimi nasomea lugha za Kiafrika hapa Bunia. Siku moja darasani niliulizwa nilinganishe hadithi ya Marekani na ngano ya kwetu. Sikuwa na ngano.

Mwaka 1968, wasomi watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakukataa fasihi za nje. Walitaka Afrika iwe katikati, na waandishi Weusi wa Marekani wasomwe kwa uhusiano wao nasi.

Basi, anayefundisha fasihi ya Marekani hapa Ituri aanze na masimulizi ya Ituri. Asiyemjua sungura wa bibi yake atamtambuaje sungura mjanja wa watumwa wa Marekani?