Turubai Likishakunjwa

Mpaka siku ya mazishi, mfiwa hapati hata dakika ya kuwa peke yake. Kwaya ipo, masufuria ya kukodi yako jikoni, mchungaji anahubiri, mheshimiwa amefika na bahasha yake. Halafu turubai linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na nyumba inabaki na watu wake, pungufu ya yule aliyeondoka. Ukitaka kumsaidia mtu ashike imani yake, au kuishika ya kwako, hapo ndipo pa kuanzia.

Msiba wa nyumba moja hubebwa na majirani. Msiba wa kijiji kizima ni jambo jingine, maana anayetakiwa kufariji naye amefiwa. Ndivyo ilivyokuwa katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya. Ilikuwa siku ya gulio, watu wakirudi na bidhaa zao kutoka Bugolora. Kivuko kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Kwenye msiba wa namna hiyo, chunga sana sentensi ya kwanza unayoitamka. Tumezoea kusema kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya heshima, nami sibishani na bibi anayeyasema akijifariji mwenyewe. Lakini ukimwambia hayo mama aliyepoteza watoto kwenye chombo kilichojazwa kupita kiasi, unamtwika Mungu mzigo wa aliyekijaza. Mkristo anaruhusiwa kusali asubuhi, na mchana kuuliza nani alihesabu abiria. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa. Wewe sema pole, kisha tafuta kazi ya mikono: teka maji, peleka watoto shule, fuatana na baba wa familia anapokwenda kufuatilia cheti cha kifo. Usimwambie akuite akihitaji kitu. Hataita. Mwambie utakuja Jumanne, na Jumanne uje.

Jambo linalofuata ni gumu zaidi, kwa sababu linatoka vinywani mwa waumini wenyewe: kuwahukumu waliokufa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Kabla majeruhi hawajatoka wodini, mitaani neno lilikuwa moja: tamaa. Hata kama walikuwepo waliokwenda kuchota, wajane wao hawahitaji kulisikia hilo kanisani. Katika Injili ya Luka sura ya 13, Yesu anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, na anakataa katakata kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mtu akianzisha mazungumzo ya nani alistahili, mtajie Siloamu, kisha muulize amekwenda lini kuwaona wafiwa.

Hukumu hiyohiyo ina dada yake, nayo ni tuhuma za uchawi. Baada ya vifo vingi, mahali pengi patatokea mtu wa kumnong'ona kikongwe fulani. Usingoje mnong'ono ukomae. Siku hiyohiyo mweleze mchungaji au katekista, na mwenyekiti wa kitongoji. Halafu nenda kwa bibi huyo mchana kweupe, na wenzako wawili watatu wa kanisani, mkae barazani kwake mahali ambapo wapita njia wanawaona. Ziara ya usiku haimlindi.

Kuhusu kusali kwenyewe, nina machache. Usipoweza, usijilazimishe kutunga sala ndefu. Nenda ibadani ukae viti vya nyuma, wenzako waimbe kwa niaba yako. Soma Zaburi ya 88, ambayo inalia toka mwanzo hadi mwisho na haimalizii kwa shangwe. Imo ndani ya Biblia na hakuna aliyeiondoa. Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, ingawa alikuwa karibu kumfufua. Anayekuambia machozi ni upungufu wa imani amesahau habari hiyo.

Kwa viongozi wa ibada nina ombi mahsusi. Aliyenusurika atataka kushuhudia, na ni haki yake kushukuru. Ila akisimama Jumapili ya kwanza kutangaza kwamba Mungu alimwokoa kwa kuwa alifunga na kuomba, kuna mama benchi la tatu ambaye mwanawe naye alikuwa mwombaji. Atarudi nyumbani akijiuliza mwanawe alikosa nini. Mpokeeni manusura faraghani, msali naye, mshukuru pamoja. Ushuhuda wa hadhara usubiri, na utakapotolewa usiwe na ile sehemu ya "kwa kuwa".

Sasa fedha, ambazo huvunja undugu haraka kuliko kifo. Rambirambi iwe na daftari, iwe na watunzaji wasiopungua wawili wasio wa ukoo mmoja, na hesabu isomwe hadharani hata kama ni ndogo. Kule Ukara fedha za rambirambi zilielekezwa pia kwenye ujenzi wa kituo cha afya Bwisya. Naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu kituo kinamhudumia kila mtu. Hata hivyo jengo halimnunulii yatima sare. Ndiyo maana jumuiya ndogondogo au kikundi cha akina mama kigawane nyumba na miezi: nani anaiangalia nyumba ipi Januari shule zinapofunguliwa, nani msimu wa kulima, nani siku ya kumbukumbu ya mwaka. Orodha hiyo isiishie kwa washirika wenu. Pale Bwisya wapo waliozikwa pamoja katika eneo moja, sala za Kikristo na za Kiislamu zikasomwa hapohapo. Itakuwa aibu mchele wenu uchague dini.

Yule ambaye wiki zinapita halali, hali, au anasema afadhali naye angekufa, mpeleke hospitali. Maombi yaendelee njiani.

Na mtu wa kisiwani, hata awe amefiwa, atapanda tena chombo. Gulio lipo, kliniki ipo, ng'ambo kuna ndugu. Anapoogopa, usimhubirie habari za Petro kutembea juu ya maji. Fuatana naye hadi gatini. Mkae upande mmoja, ulizeni maboya yako wapi, myavae nyote wawili, msali kwa kifupi. Mkiona watu wanazidi kupakiwa, shukeni nyote wawili mngoje safari inayofuata, na waambieni wengine kwa nini mmeshuka.