Jinsi ya kulinganisha vishikwambi kabla hujatoa pesa

Vishikwambi viwili vimelazwa kwenye kaunta. Vyote vya inchi 10, vyote vyeusi, na bei zinakaribiana. Muuzaji anakusifia kamera. Iache kamera kwa sasa, maana kuna maswali yenye uzito zaidi, na ukiyauliza kwa mpangilio utajua cha kuchukua bila kuzunguka maduka siku nzima.

Anza na kazi. Kitafanya nini siku nyingi? Taja kazi moja, na ya pili ikibidi. Makarani wa Sensa ya mwaka 2022 Tanzania walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi wakijaza madodoso. Kazi ya namna hiyo inataka betri ya kukaa, laini ya simu na GPS. Mchoraji anataka kalamu. Mhasibu anataka programu za Windows. Ukishaitaja kazi yako, vingi vilivyopangwa pale kabatini vinajiondoa vyenyewe.

Kisha chagua mfumo endeshi, kabla hujavutiwa na umbo. Umbo utalizoea upesi. Mfumo ndio unaoamua programu zipi zitafunguka, na kwa miaka mingapi.

Android inawafaa watu wengi. Bei zake zinaanzia chini, faili unazihamisha kwa waya bila shida, na vishikwambi vingi vinapokea kadi ya kumbukumbu. Pia vingi vinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja. Baba ana akaunti yake na mtoto ana yake, hakuna anayegusa ujumbe wa mwenzake. Kama kifaa ni cha familia, hilo peke yake linatosha kukuamulia.

Ila Android hazilingani. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya maelezo ya kifaa, tazama toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma, huenda mtengenezaji amekiacha. Usikichukue kwa ajili ya benki wala kazi ya ofisi, hata bei iwe tamu kiasi gani.

iPad ina iPadOS, na nguvu yake ni kudumu. iPad ya kizazi cha saba ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2024 bado ilipokea iPadOS 18. Iliachwa mwaka 2025 ilipokuja iPadOS 26. Ukinunua iliyotumika, tafuta kizazi chake kwanza, ndipo mzungumze bei.

iPad ina mipaka yake pia. Haina tundu la kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo hifadhi unayonunua leo ndiyo utakayobaki nayo. Nyumbani haitenganishi akaunti za watumiaji. Hata ile yenye laini haipigi simu za kawaida. Laini ni ya intaneti tu. Na ile ya Wi-Fi pekee haina GPS. Kama kazi yako ni kupima mashamba au kufuata ramani barabarani, chukua yenye laini au hamia Android yenye GPS.

Windows ni ya mtu mwenye programu maalumu za kompyuta: uhasibu, takwimu, uchoraji wa majengo. Hapo utaangalia Surface ya Microsoft na zinazofanana nayo. Uliza prosesa. Zenye Intel au AMD zinakubali karibu kila programu ya Windows uliyoizoea. Zenye Snapdragon zinakaa sana na chaji, lakini printa ya zamani inaweza kukosa programu ya kuiendesha, basi hakikisha kwanza kwamba vifaa vya ofisini kwako vinakubaliana nayo.

Kwa Surface zilizotumika, mstari uko hapa: Surface Pro 6 ya mwaka 2018 inapokea Windows 11, lakini Surface Pro ya mwaka 2017 haimo kwenye orodha rasmi ya Microsoft. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usinunue kifaa kilichobaki upande wa nyuma wa mstari huo.

Ndugu akikuletea Fire ya Amazon kutoka Marekani, pokea kwa shukrani, ila jua ulichopokea. Fire OS imejengwa juu ya Android, lakini haiji na duka la Google Play. Programu zinatoka duka la Amazon. Kwa kusoma vitabu na katuni za watoto, inatosha. Huawei mpya nazo haziji na huduma za Google, kutokana na vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019. Chombo chenyewe ni kizuri, ila kama shule yenu inatumia Google Classroom, chagua kingine.

Sasa gusa chombo. Anza na kioo, kwa sababu ndicho utakachokitazama saa zote. Soma idadi ya pikseli. Kwenye inchi 10, 1280 kwa 800 inaonyesha herufi zenye ukungu. Ukisoma PDF jioni nzima macho yatalalamika. 1920 kwa 1200 ni kima cha chini ninachokubali kwa mtu anayesoma. Kisha toka nacho hadi mlangoni pa duka, kwenye jua, uongeze mwanga hadi mwisho. Usipoona maandishi, hakifai kwa kazi ya nje.

Inchi 8 inaingia kwenye mkoba na kushikwa kwa mkono mmoja, lakini ukurasa wa A4 utaukuza kila mara. Inchi 10 au 11 ndiyo saizi ya masomo na ofisi. Inchi 12 na kuendelea ni ya kuweka kibodi na kuacha laptop nyumbani.

RAM: 4GB ni mwanzo kwa Android, 6 au 8 ukifungua mambo mengi kwa pamoja. Ukiona maandishi "4+4", hesabu nne tu. Ile nyingine imekopwa kutoka kwenye hifadhi, na ina kasi ndogo. Hifadhi iwe 64GB kama kuna tundu la kadi, 128GB kama halipo.

Tundu la chaji liwe USB-C. iPad ya kawaida ilihamia USB-C kwenye kizazi cha kumi, mwaka 2022, wakati kizazi cha tisa bado ni Lightning. Ukiwa na USB-C, chaja na waya ni vilevile vya simu nyingi za sasa, hata umeme ukikatika na jirani ndiye mwenye paua benki.

Kama utaandika kwa mkono, ulizia kalamu kabla ya bei ya mwisho. Samsung huweka S Pen ndani ya boksi la Galaxy Tab S. Apple huuza kalamu yake kando, na kila iPad ina aina zake inazozikubali. Kalamu ya Apple ya USB-C haihisi mkandamizo wa mkono. Inatosha kwa kuandika noti, haitoshi kwa mchoraji.

Mtihani wa laini ni rahisi na watu wengi huusahau. Weka laini yako mwenyewe kwenye Android unayoitaka, kisha piga *150*00# au menyu ya pesa ya mtandao wako. Ikifunguka, utafanya miamala ya pesa humo humo. Vishikwambi vingine vina tundu la laini lakini havipigi simu kabisa, na boksi halikuambii.

Jihadhari zaidi na kifaa cha bei ya kutupa kinachojitangaza RAM 16GB na hifadhi 1TB. Hata ukurasa wa mipangilio unaweza kuchezewa uonyeshe namba za uongo. Pakua CPU-Z au AIDA64 pale pale dukani usome prosesa na toleo la Android. Halafu fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia mipangilio, kisha sehemu ya maelezo, uone kama Play Protect inasema kifaa kimeidhinishwa. Kisipoidhinishwa, rudisha. Kama kina laini na uko Tanzania, piga *#06#, chukua namba ya IMEI na uitume kwa SMS kwenda 15090. Jibu litakuambia mtengenezaji wa kifaa ni nani. Lilinganishe na jina lililo mgongoni.

Kwa kilichotumika, kuna sharti moja lisilo na mjadala: muuzaji akifute mbele yako, na wewe ukiwashe upya hadi ufike ukurasa wa mwanzo kwa akaunti yako. iPad ikidai akaunti ya Apple ya mwenye nayo, au Android ikidai akaunti ya Google iliyotangulia, pesa ibaki mfukoni. Ukiona ujumbe kwamba kinasimamiwa na kampuni au shule fulani, ondoka tu. Muuzaji atakuambia fundi atakifungua. Usimsikilize, kwa sababu huenda ni mali ya watu, na kufuli linaweza kurudi.

Ukiniuliza mimi kwa mwanafunzi wa chuo au mwalimu mwenye bajeti ya kati, nitasema Android ya inchi 10 au 11, kioo cha 1920 kwa 1200, RAM 6GB, laini, na sasisho la usalama la mwaka huu. iPad ninampa anayetaka kukaa nayo miaka mingi bila kubadilisha, na Windows anayejua jina la programu inayomlazimisha.

Ukishalipa, dai risiti ya mashine ya kodi (EFD), au ya kawaida yenye muhuri wa duka, iliyoandikwa modeli kamili na namba ya IMEI au serial. Risiti iliyoandikwa "tablet 1" haitakusaidia siku utakayorudi kudai dhamana.