Taa ya Injini na Harufu ya Petroli: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu ya Mvuke Kwenye Gari Dogo

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Zamani mvuke huo uliachwa uende hewani. Katika gari la kisasa, hupitia mipira hadi kwenye kanista, chombo kilichojaa punje za mkaa, na mkaa huunasa. Injini ikipata moto, vali ya kufyonza hufunguka na mvuke huchomwa ndani ya injini. Vali ya pili, iliyo karibu na kanista, huingiza hewa safi.

Mfumo huu ukiharibika, mafuta hupotea na watu huvuta benzini, kemikali iliyo ndani ya petroli inayosababisha saratani. Petroli ikivuja, gari linaweza kushika moto.

Dalili zake

Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Mashine ya kusoma hitilafu huonyesha namba: P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni uvujaji mdogo, na P0456 ni mdogo zaidi, kama tundu la nusu milimita. P0441 huashiria kwamba mvuke haufyonzwi inavyopaswa. Namba humwonyesha fundi pa kuanzia tu. Haimwambii ni spea gani ya kununua. Aidha, si magari yote yaliyoundwa kwa soko la Japani hupima uvujaji yenyewe. Kwa hiyo harufu ya petroli isipuuzwe hata kama taa haijawaka.

Hatua za kufuata

1. Kifuniko cha tangi. Hakikisha kimefungwa hadi kilie. Kagua raba yake. Ikiwa imepasuka au imekauka, badilisha kifuniko.

2. Mipira. Ifuate kuanzia injini hadi tangini. Tafuta nyufa, mahali palipochomoka na alama za kutafunwa na panya.

3. Vali ya kufyonza. Injini ikiwa imezimwa, vali hii huwa imefungwa katika magari mengi. Ichomoe, kisha uipulize. Hewa ikipita, vali imekwama wazi. Dalili nyingine ya kukwama ni gari kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujazwa mafuta.

4. Kanista na vali ya hewa. Mara nyingi hukaa chini ya gari, upande wa nyuma, ambako matope na vumbi la barabara za murram hufika. Hata buibui huweza kuziba njia ya hewa. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita maelfu ya magari ya Mazda6 kwa sababu utando wa buibui ungeweza kuziba mpira wa hewa, tangi likapasuka.

5. Mashine ya moshi. Ikiwa chanzo hakijaonekana, fundi hupuliza moshi kwa shinikizo dogo na kuangalia unapotokea. Kompresa ya gereji isiunganishwe moja kwa moja na mfumo huu, kwani inaweza kupasua tangi.

Mfano

Chukulia dereva wa Lurambi ambaye gari lake limeonyesha P0455. Anashauriwa kununua kanista mpya. Kabla ya kulipa, fundi afuate hatua ya kwanza na ya pili. Ikiwa raba ya kifuniko imepasuka, kifuniko kipya chaweza kumaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko ya kanista.

Kuchomoa waya wa betri ili taa izime si matengenezo. Baada ya kazi, namba ifutwe kwa mashine, tangi liwe na mafuta kiasi cha nusu, na gari liendeshwe kwa siku kadhaa. Magari mengi hayajipimi tangi likiwa tupu au limejaa kabisa.

Tahadhari

• Kazi ifanyike mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa. Sigara, jiko na kuchomelea vyuma vikae mbali.
• Petroli ikidondoka, gari lisiwashwe.
• Kwenye kituo cha mafuta, pampu ikijikata, inatosha. Kujaza hadi pomoni kunaweza kusukuma petroli ndani ya kanista na kuharibu mkaa.
• Mwenye gari aombe kuonyeshwa spea iliyoharibika kabla ya kulipia mpya.