Vidokezo 10 vya kupima na kukaza mkanda wa taimingi wa Porsche 944

Porsche 944 ilitengenezwa Ujerumani kati ya 1982 na 1991, na mpaka leo ni mojawapo ya njia nafuu za kuingia kwenye ukoo wa Porsche. Unafuu huo una sharti. Ndani ya injini yake ya silinda nne, valvu na pistoni hupishana kwenye nafasi ileile, na kinachozipanga zamu ni mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika au kuruka meno, pistoni inazigonga valvu, valvu zinapinda, na silinda hedi haina budi kufumuliwa. Kupima mkanda ni kazi ya nusu siku tu kwa mtu mwenye subira. Fuata haya.

1. Fahamu kwamba mikanda ni miwili

Ule wa nyuma ndio wa taimingi: unazungusha kamshafti na pampu ya maji. Wa mbele unazungusha shafti mbili za balansi, zinazokwenda kasi mara mbili ya injini ili kutuliza mtikisiko wake. Ubunifu huo ulikuwa na hataza ya Mitsubishi, na Porsche waliutumia kwa leseni. Usiudharau mkanda wa balansi kwa sababu eti injini inaweza kuzunguka bila huo. Ukikatika, vipande vyake vinaweza kunasa kwenye wa taimingi, na hasara ikawa ileile. Ukifungua kava, pima yote miwili.

2. Ulizia historia kabla ya kushika spana

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa bandani. Wamiliki wengi wa 944 hubadilisha mikanda kila kilomita 48,000 au kila miaka 3 hadi 4, lolote litakalotangulia. Kama hakuna risiti wala kumbukumbu ya maandishi, chukulia kwamba muda umekwisha. Mkanda usiojulikana umri haukazwi, unabadilishwa.

3. Pima injini ikiwa baridi kabisa

Bloku na silinda hedi za gari hili ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka. Injini inapotanuka mkanda nao unavutika, kwa hiyo geji itakudanganya kuwa umekaza vya kutosha. Laza gari usiku kucha, upime asubuhi kabla jua halijapanda. Fundi anayetaka kupima dakika kumi baada ya wewe kuwasili gereji ukiendesha, mwambie utarudi kesho.

4. Zungusha injini kwa mkono, upande wake

Chomoa terminali ya betri, weka gia fri, vuta hendibreki, kisha toa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi. Tia soketi ya milimita 24 kwenye bolti ya krankishafti na uzungushe kufuata mshale wa saa, ukiwa umesimama mbele ya gari. Usipige stata. Usizungushe kwa kutumia bolti ya gia ya kamshafti, maana hapo unauvuta mkanda kinyume na ulivyozoea. Ukihisi kitu kigumu kimekuzuia ghafla, acha hapohapo. Huenda valvu imekutana na pistoni. Hapo kulazimisha ndiko kunakopinda vyuma.

5. Macho kwanza, geji baadaye

Toa kava la juu, washa tochi, na ukague mkanda hatua kwa hatua huku mwenzako akizungusha injini taratibu. Tafuta nyufa kwenye mizizi ya meno, kingo zilizochanika nyuzi, mgongo unaong'aa kama umepigwa pasi, na unga mweusi uliojikusanya ndani ya kava. Kisha pitisha kidole chini ya sili za mbele: ya krankishafti, ya kamshafti, na zile za shafti za balansi. Kidole kikirudi na oili, tiba si kufuta. Oili hulainisha mpira, kwa hiyo badilisha sili pamoja na mkanda. Doa la maji ya rejeta chini ya pampu nalo ni onyo la kutosha kwamba sili ya pampu imeanza kuchoka.

6. Linganisha alama kabla ya kulegeza chochote

Leta pistoni namba moja juu kabisa. Alama ya flaiwili inaonekana kwenye kitundu cha nyumba ya klachi, na ya gia ya kamshafti inatakiwa ielekeane na mkato ulio kwenye kava la nyuma. Gia za balansi zina alama zake pia. Piga picha kwa simu. Alama zikipishana kwa jino zima, mkanda umesharuka au ulifungwa vibaya, na hapo kazi imeshatoka kwenye kukaza na kuingia kwenye kufunga upya.

7. Tumia geji, mkono una ubishi

Njia ya kienyeji ni kushika mkanda kwa vidole viwili kwenye sehemu ndefu na kuuzungusha mpaka ukome kwenye nyuzi 90. Itakuonyesha mkanda uliolegea sana au uliokazwa kupita kiasi, lakini mafundi wawili wenye vidole tofauti watakupa majibu mawili. Porsche walitoa geji maalumu, P9201. Kwa injini ya valvu 8, mkanda mpya wa taimingi husoma 4.0, na uliokwisha kutumika 2.7, ukiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.3. Wa balansi nao ni 2.7. Hizo ni namba za skeli ya geji hiyo tu, usizihamishie kwenye geji ya aina nyingine. Injini za valvu 16 zina vipimo vyake, kwa hiyo fungua kitabu cha gari lako. Kabla ya kusoma, zungusha injini mizunguko miwili kamili, kisha irudishe nyuma takriban nyuzi 10.

8. Jua tenshona uliyo nayo

Magari ya mwanzo yana rola ambayo haikukaa katikati ya bolti yake: ukiigeuza inausogelea mkanda au inaukimbia. Kuanzia toleo la 1987 iliwekwa tenshona yenye springi, na hapa wengi hupotea, wakidhani springi inafanya kazi muda wote gari likitembea. La hasha. Springi husukuma pale tu nati zinapolegezwa. Zikikazwa, tenshona imefungwa palepale ilipo. Kwa hiyo legeza, iache springi isukume yenyewe bila kuisaidia kwa mtaimbo, kaza, zungusha mizunguko miwili, halafu pima tena. Kule kukaza nati kwenyewe huweza kuhamisha kipimo. Kwenye mkanda wa balansi kuna rola nyingine ndogo isiyotakiwa kuugusa mkanda. Acha nafasi ya nusu milimita na uihakikishe kwa filageji.

9. Sikiliza baada ya kufunga

Mwenzako awashe injini, wewe ukiwa umesimama mbele ya boneti. Mlio mwembamba unaopanda kila anapokanyaga mafuta ni dalili ya mkanda uliokazwa mno, na beringi ya pampu ya maji ndiyo itakayolipa. Kelele ya kupiga kava ni dalili ya kulegea. Zima mara moja, subiri ipoe, urudi kidokezo cha 3. Usijipe moyo kwamba itajikaza yenyewe barabarani.

10. Mkanda mpya unahitaji ziara ya pili

Mpira mpya hunyooka kidogo siku zake za mwanzo. Baada ya takriban kilomita 2,500 upime tena na uukaze ukihitajika. Ukibadilisha mikanda, badilisha na rola, na uikague pampu ya maji kwa ukali, maana pampu ikigoma kuzunguka itauchana mkanda wa jana. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, ibandike ndani ya boneti mahali ambapo mwenye gari atakayekufuata ataiona.

Na kama bado hujalinunua, na muuzaji anakungoja Jumamosi, swali la kwanza liwe hili: mikanda ilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Akibabaika, toa gharama ya mikanda, rola na pampu kwenye bei yake. Mkikubaliana, usiliendeshe. Lipakie kwenye bredauni moja kwa moja mpaka gereji.