KAMBI YA WATOTO WAKATI WA LIKIZO: NYUMBA YA MLEZI ITABAKI NA NANI?

Somo la Maisha ya Jamaa



Shule zikifungwa mwezi wa Juni, watoto hukaa nyumbani. Wengine huwasaidia wazazi kupukuchua mahindi. Wengine hurandaranda mitaani kutwa nzima. Ndiyo maana siku hizi walimu, viongozi wa dini na viongozi wa skauti huanzisha kambi za watoto. Mtoto akiwa kambini hujifunza kuimba, kuogelea, kupika, kufunga kamba na kuishi na wenzake.

Hilo ni jambo jema. Lakini leo hatutazungumza juu ya watoto wa kambi peke yao. Tutazungumza juu ya yule anayewapeleka, yaani mlezi wa kambi. Yeye pia ana nyumba. Ana mke au mume, ana watoto, na pengine ana mama mzee. Je, anapokwenda kulea watoto wa watu, wa kwake wanalelewa na nani?

1. Neno "kambi" ni la zamani kwetu

Sisi watu wa Tabora tusidhani kambi ni jambo geni. Zaidi ya miaka 150 iliyopita njia kuu ya misafara ilipita hapa kwetu. Ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mahali pa kulala wasafiri paliitwa kambi. Walijenga vibanda vya nyasi na kuvizungushia boma la miiba.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye alijua njia, maji na mahali pa kulala.

Njia hiyo ilikuwa na uchungu pia. Watu wengi walipitishwa hapo wakiwa watumwa, wametengwa na jamaa zao kwa nguvu. Hilo tusilisahau. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kwa hiari wanaweza kutufundisha mambo mawili.

Jambo la kwanza ni majira. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Maana yake ni kwamba safari ilifuata kazi za nyumbani. Nyumba haikulazimishwa kufuata safari.

Jambo la pili ni jamaa. Wapagazi wengi walifuatana na wake zao, na mara nyingine na watoto. Akina mama walibeba vyungu, mikeka na chakula. Waliobaki nyumbani walitunza mashamba na wazee. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilijulikana.

2. Mtu aliyesafiri sana

Karibu na mji wa Tabora, huko Kwihara, iko nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Mzungu David Livingstone alikaa hapo mwaka 1872. Alifika pamoja na Henry Stanley, baada ya kukutana naye Ujiji mwaka 1871. Stanley alikwenda zake pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki anangoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti. Mwaka uliofuata alifia safarini, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Watu wengi wanajua safari zake. Wachache wanajua habari za nyumba yake. Mwaka 1852 aliwapeleka mke wake na watoto wake Uingereza, yeye akaendelea na safari. Mke wake alifariki mwaka 1862. Baadaye Livingstone mwenyewe aliandika akijuta. Alisema kwamba jioni alikuwa amechoka mno kucheza na watoto wake wadogo. Kisha wakakua yeye akiwa hayupo, asiwe tena na wa kucheza naye.

Mlezi wa kambi na ayakumbuke maneno hayo. Unaweza kucheza na watoto 30 wa watu siku kumi mfululizo, ukirudi nyumbani huna nguvu hata ya kumwuliza wako, "Habari za huku?"

3. Mfano: familia moja ya Isevya

Hebu tuchukue mfano. Mfano huu ni wa kufundishia tu.

Mama mmoja wa Isevya ni mwalimu. Amekubali kuongoza kambi ya siku kumi Kigoma. Watasafiri kwa treni. Ana watoto watatu: mkubwa ana miaka 11, wa kati ana miaka 7, mdogo ana miaka 3. Mume wake ni fundi baiskeli. Mama mkwe wake anaishi nao.

Wiki moja kabla ya safari mume anauliza:

"Mama watoto, nasikia unakwenda Kigoma. Mbona habari nazipata kwa majirani?"

"Baba watoto, si nilikwambia mwezi uliopita?"

"Uliniambia kuna kambi. Hukuniambia ni siku kumi. Wala hukusema huyu mdogo atalala na nani."

Hapo ugomvi umekaribia. Na kwa kweli mume hana wivu wala hakatai mke wake asifanye kazi. Anauliza jambo la haki. Kosa ni kwamba kambi ilipangwa kwenye kikao, lakini nyumba haikupangwa popote.

Bibi anawasikia. Anawaita wote wawili, wanakaa ukumbini. Mke anaanza kwa adabu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa semeni. Mimi huyu mdogo nitalala naye. Lakini kuchota maji siwezi, miguu inauma. Na usiku akipata homa, mimi nitamwita nani?"

Angalia, ndugu msomaji. Bibi ameuliza swali kubwa kuliko wote. Wakajibu moja baada ya jingine. Maji atachota baba asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtoto akipata homa, baba atampeleka zahanati siku hiyo hiyo, apimwe malaria. Hatapewa dawa kwa kubahatisha. Pesa ya matibabu itawekwa kando, wala haitaguswa kwa jambo jingine. Mama atapiga simu kila jioni, baada ya watoto wa kambi kula.

Kikao hicho kilichukua nusu saa tu. Kiliokoa siku kumi.

4. Hesabu ya unga

Walezi wengi huandika hesabu ya kambi vizuri sana. Tuifanye pamoja.

Watoto 30, walezi 4 na wapishi 2. Jumla ni watu 36.
Unga ni nusu kilo kwa mtu mmoja kwa siku.
36 × ½ = kilo 18 kwa siku.
Kilo 18 × siku 10 = kilo 180.

Maharage ni kilo 5 kwa siku. Kwa siku 10 ni kilo 50.

Hesabu hiyo iko kwenye daftari. Sasa fungua ukurasa wa pili, uandike hesabu ya nyumbani:

Baba, bibi na watoto wawili wanaobaki. Jumla ni watu 4.
4 × ½ = kilo 2 kwa siku.
Kilo 2 × siku 10 = kilo 20.

Ongeza maharage, mafuta, chumvi, sabuni na mkaa. Ongeza pesa ya zahanati. Mlezi akiondoka bila kuandika ukurasa huu, siku ya sita nyumbani watakopa dukani. Akirudi atakuta deni na uso uliokunjamana. Na posho ya kambi, kama ipo, itaishia kulipa deni hilo.

5. Mtoto wako akiwa kambini

Katika mfano wetu yule mtoto mkubwa anakwenda kambini na mama yake. Ndiyo maana hatukumhesabu nyumbani. Je, ni vizuri kumchukua mtoto wako?

Ni vizuri, kama kuna taratibu. Kambi ya kwanza ya skauti ilifanyika mwaka 1907, mwezi wa Agosti, katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Aliyeiongoza ni Robert Baden-Powell. Watoto walikuwa kama 20 hivi, wengine wa matajiri, wengine wa wafanyakazi. Miongoni mwao alikuwako mtoto wa ndugu yake mwenyewe, mwenye umri wa miaka 9. Huyu Baden-Powell alikuja kuishi Nyeri, Kenya, mwaka 1938. Alifariki huko mwaka 1941, na kaburi lake liko huko.

Basi kumchukua mtoto wa nyumbani si jambo jipya. Lakini zingatia haya:

(a) Kambini mtoto wako ni mmoja wa 30. Asipewe nyama ya ziada, wala asilale mahali pazuri kuliko wenzake. Watoto huona upesi sana.

(b) Vile vile usimwonee. Walezi wengine, kwa kuogopa maneno ya watu, humchapa wa kwao kwanza na humtuma kazi zaidi. Hiyo nayo si haki.

(c) Mweleze kabla ya safari. Mwambie, "Mchana utaniita Mwalimu kama wenzako. Lakini ukiumwa au ukiogopa, njoo, mimi ni mama yako."

(d) Kundi lake aliongoze mlezi mwingine, kama inawezekana.

6. Safari

Kutoka Tabora mpaka Kigoma kwa reli ni karibu kilomita 400. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Treni hupita Urambo, Kaliua na Uvinza, mahali panapojulikana tangu zamani kwa chumvi. Zamani mpagazi aliitembea nchi hii kwa wiki nyingi. Lakini haraka ya treni isitufanye tusahau utaratibu wa msafara.

Kirangozi akae mbele, na mtu mzima mwingine akae nyuma. Wahesabuni watoto kabla ya kupanda, kila kituo kikubwa, na baada ya kushuka. Hesabu kwa majina, usihesabu vichwa tu. Mtoto wa mtu mwingine anaweza kusimama katikati ya wenu, hesabu ikatimia, na wenu akabaki kituoni ananunua karanga.

Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina lake, jina la mzazi na namba ya simu. Chukueni maji safi ya kunywa, blanketi kwa sababu usiku wa Juni ni baridi, na vyandarua. Kwenye ziwa, mtoto asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwako.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inampa haki ya chakula, malazi, matibabu na elimu, na pia haki ya kucheza na kupumzika. Kwa hiyo mlezi apate kibali cha mzazi kwa maandishi. Aiarifu ofisi ya kata na afisa wa ustawi wa jamii. Wasichana na wavulana walale mbali mbali. Mtu mzima asikae chumbani peke yake na mtoto mmoja mlango umefungwa. Ukiona mtoto anadhuriwa, piga simu namba 116. Ni bure.

Haki hizo ni za watoto wa kambi, na ni za watoto wako uliowaacha Isevya. Sheria haikuwagawa.

7. Kurudi nyumbani

Mlezi akirudi amechoka, na nyumbani nao wamechoka. Mama anatazamia kupokewa kama shujaa. Baba anatazamia kuambiwa asante kwa maji aliyochota siku kumi. Kila mmoja akingoja mwenzake aanze, usiku utapita kimya.

Anza wewe uliyesafiri. Msalimie bibi kwanza. Uliza habari za kila mtu. Toa zawadi yako hata kama ni dagaa wa Kigoma kidogo. Sema asante kwa mume au mke mbele ya watoto. Siku mbili za kwanza usifanye kikao cha kambi, wala usiandike ripoti. Kaa na yule mdogo. Yeye hajui siku kumi ni ngapi. Anajua tu kwamba ulikuwa hupo, na sasa upo.

Methali inasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenye nyumba naye akirudi, walio nyumbani na wapone.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri baada ya mavuno?
2. Katika mfano wetu, nani aliuliza swali kubwa kuliko yote? Swali hilo lilikuwa lipi?
3. Je, mume akisafiri kwenda kambini, mke naye ana haki ya kuuliza maswali yale yale? Toeni sababu.
4. Kambi ina watu 24 kwa siku 7. Kila mtu anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Unga utakuwa kilo ngapi?

Kazi ya kuandika

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika mambo matano ya kupanga kabla ya safari yoyote. Upande wa kulia andika jina la mtu wa nyumbani atakayefanya kila jambo. Msomee mwenzako wa nyumbani kabla hujamsomea mwalimu.

Maneno ya kukumbuka

Kirangozi: kiongozi wa msafara anayetangulia mbele.
Frasila: kipimo cha uzito cha zamani, kama kilo 16.
Kibali: ruhusa.
Posho: pesa au chakula anachopewa mtu kwa ajili ya kazi au safari.
Tembe: nyumba yenye paa bapa la miti na udongo.

Jibu la swali la 4: kilo 84.